Papa Iko Kalemie

Songo, Uvira, tarehe 6 Aprili 2025

Shemeji Basile,

Habari ya huko kambini kwa wakimbizi? Kile kifua kilikuacha, ao bado unakohoa? Sisi huku tunapumua, aksanti Mungu. Mama yenu anakusalimu, anasema uvae sweta, eti Burundi kuko baridi.

Barua hii anakuletea Mama Niyonkuru, yule Murundi anayeuza nyanya ku mupaka wa Kavimvira. Usishangae kuona nakuandikia kama watu wa zamani wakati simu iko. Nyumba yetu unaijua, chumba kimoja na pazia. Nikiongea kwa simu Jolie anasikia kila neno, na haya si maneno ya kusikia mutoto.

Jolie iko anangojea baba yake. Haulizi kwa mudomo. Anakaa tu ku mulango anaangalia njia. Tangu siku ile ya fujo ya Februari, risasi ilipomukuta Libérat pale Kimanga, ku kibanda chake cha kuchaji simu, tulifanya vile wazee wanasema: mutoto haambiwi kifo. Tulimuambia Papa alienda Kalemie kutafuta kazi. Siku ya kumaliza kilio tulimunyoa nywele kama sisi wote, tukamuambia ni chawa. Alishika kichwa chake.

Sasa, shemeji, weye na kaka yako mulikuwa na sauti moja. Hata minye muke wake mulikuwa munanidanganya kwa simu, munacheka. Na simu ya Libérat njo hiyo ulikimbia nayo. WhatsApp yake iko humo, picha yake iko humo. Nakuomba umupigie mutoto. Sema ni Papa, uko Kalemie, kazi ni mingi. Maneno mawili tu, roho yake itulie. Iko na miaka kumi na moja, atasahau pole pole.

Usikatae, Basile. Sina mwingine wa kumuomba.

Shemeji yako,
Laure, Mama Jolie


Kambini, Rutana, tarehe 27 Aprili 2025

Mama Jolie, shemeji wangu mukali,

Nakusalimu sana, weye na Mama na Jolie, Shefu wetu mudogo. Kifua kilipona. Shida ni maharage. Tunakula maharage asubuhi na jioni, siku nitarudi Songo mutanisikia kabla ya kuniona.

Nilifanya ulivyoniomba. Nilikaa nyuma ya hema, nikakohoa kidogo kama yeye, nikasema: "Alo, Shefu! Leo tumechaji simu ngapi?" Si njo vile alikuwa anamusalimu pale kibandani, akimukuta anapanga simu za watu? Nikacheka na kile kicheko chake. Shemeji, nilijisikia mwenyewe nikaogopa. Ilikuwa Libérat kabisa.

Lakini mutoto hakujibu. Nilisikia pumzi yake tu. Nikamuambia asome vizuri, amusikilize mama, Kalemie ni kuzuri, samaki iko mingi. Pumzi tu. Mwisho akasema, "Ndiyo, Papa," akakata.

Labda ni furaha. Watoto wako vile, furaha ikizidi wananyamaza. Nitapiga tena Jumapili, na Jumapili ingine.

Na nikuambie kweli, hata minye inanisaidia. Kaka yangu sikumulilia. Tulimuzika mbio mbio, kesho yake nikavuka mupaka na simu yake mufukoni, hata kilio sikukikalia. Nikiongea na sauti yake naona kama iko bado.

Musalimu Mama. Muambie sweta sina, lakini nimevaa shati mbili.

Shemeji yako,
Basile


Songo, tarehe 15 Juni 2025

Shemeji,

Habari zako? Za kwetu usiniulize, nitakudanganya. Mama yenu miguu inamuuma. Minye niko mzima wa mwili tu.

Jolie anaharibika. Simu ikilia anakimbilia chini ya kitanda. Jumapili ile ya mwisho nilimuvuta kwa mukono, nikamushikilia, nikamuwekea simu ku sikio kwa nguvu, maana nilisema: mutoto gani anakataa baba yake? Alisikiliza mpaka ukamaliza, jasho linamutoka. Nikamugombeza. Anakojoa kitandani, Basile, msichana mukubwa vile! Asubuhi anaficha shuka nyuma ya pipa la maji, anafikiri sioni. Usiku halali, anaangalia mabati. Ku masomo alikuwa wa pili mu darasa. Sasa mwalimu anasema anaandika tarehe ku daftari, kisha anakaa mpaka kengele.

Na watu wa huku unawajua, midomo haina mulango. Wanasema ni pepo. Kuna jirani alikataa watoto wake wacheze naye.

Mama yenu anasema ni hamu ya baba tu. Minye naona ni vile vile. Kwa hiyo, shemeji, Jumapili tu haitoshi. Mutu wa njaa unamupa chakula ashibe, haumuonjeshi. Piga mara mingi. Muahidi kitu, apate cha kungojea.

Tafadhali. Namuangalia mutoto wangu anaisha, sijui nimushike wapi.

Shemeji yako,
Laure


Kambini, tarehe 13 Julai 2025

Mama Jolie,

Salamu nyingi, na leo nakuletea na habari nzuri, ukae chini uisome.

Nimepiga kila jioni kama ulivyosema. Siku zote pumzi, pumzi, nikakaribia kuchoka. Juzi akaongea! Aliniuliza: "Papa, umevaa shati gani?" Nikasema ile ya bluu, najua alikuwa anaipenda. Kisha akauliza: "Huko kuko giza?" Nikasema hapana, Shefu, huku taa ziko. Halafu kwa sauti ndogo, ndogo kabisa: "Utakuja kunichukua?"

Shemeji, nikakumbuka ulisema nimuahidi kitu. Nikamuambia: "Ndiyo, Shefu wangu. Karibuni nitakuja kukuchukua. Weye jitayarishe tu." Akauliza, "Na Mama?" Nikasema Mama atabaki na Bibi kwanza, tutaenda sisi wawili. Akasema, "Sawa, Papa."

Hakulia hata kidogo. Unaona? Mutoto alikuwa anataka neno moja tu, na tumelipata. Nilirudi hemani nikiimba, watu wakaniuliza kama nimepata muke.

Sasa niandikie upesi kama ameanza kula.

Shemeji yako mwenye furaha,
Basile


Songo, tarehe 21 Septemba 2025

Basile,

Zima hiyo simu. Hata salamu leo sina. Zima kwanza, kisha usome.

Barua yako ilinikuta nacheka. Ndiyo, nilicheka, maana baada ya ile siku Jolie alitulia. Aliacha kujificha. Akaanza kufagia, kukunja nguo zake vizuri, kila kitu mahali pake. Mukoba wake wa masomo akamupa mutoto wa jirani, yule yule walimukataza kucheza naye. Viatu vyekundu vya Noeli akampa rafiki yake Espérance. Nikamusifu, nikasema mutoto amepata roho ya kugawa. Siku moja akaniuliza: "Mama, nguo gani inanipendeza zaidi?" Nikamuonyesha ile ya maua. Akaiweka pembeni.

Kula akaacha kabisa. Nikimulazimisha anasema: "Nikiwa muzito, Papa atashindwa kunibeba."

Hapo nikashituka, lakini nikashituka vibaya. Nikamupeleka ku chumba cha maombi. Wakamufungisha chakula na maji, wakamupigia kelele pepo itoke. Alirudi midomo imepasuka kwa kiu, macho yale yale. Nikaona sasa nitamuzika. Njo nikamubeba mpaka ku sentre ya afya, kuko mama mumoja, Annie, anaongea na watoto wenye mawazo. Aliniuliza: "Nani alimuambia baba yake alikufa?" Nikasema hakuna, mutoto haambiwi. "Na siku ile alikuwa wapi? Nani alimuuliza?" Nikasema hakuna. Mutoto haulizwi mambo ya kifo. Yeye akakaa na Jolie, hata hakumusumbua na maswali, walikaa tu wakimenya machungwa. Akaniambia nimurudishe kesho, na njiani nisimukimbize.

Tukapita Kimanga. Mbele ya kibanda akasimama. Akaniuliza:

"Mama, rezo ya simu inafika chini ya udongo?"

Basile, nilikaa naye pale chini, njo akaniambia yote.

Ile siku hakukimbia nyumbani kama tulivyofikiri. Alikuwa chini ya meza, pale kwenye nyaya. Aliona baba yake anaanguka na ile shati ya bluu, simu iko mukononi. Alimuita, akamuvuta mukono, hakujibu. Njo akakimbia. Alifika nyumbani na sandali moja. Minye nilimugombeza juu ya ile sandali. Yesu wangu, nilimugombeza juu ya sandali.

Anajua tangu siku ya kwanza. Ametuangalia tukimuambia Kalemie, akafikiri labda macho yake ni ya wazimu. Halafu simu ikalia, picha ya baba yake, sauti ya baba yake. Alifikiri Papa alizikwa na simu yake. Nilimushikilia mukono wangu huu ili asikie maiti ikiongea ku sikio lake. Na maiti ikamuambia: jitayarishe, nitakuja kukuchukua.

Alikuwa anajitayarisha, Basile. Alikuwa anajitayarisha kufa.

Laure


Kambini, tarehe 19 Oktoba 2025

Mama Jolie,

Nakusalimu, lakini sijui na mudomo gani. Uko unalala? Mutoto anakunywa hata maji?

Nilisoma barua yako nikatoka hemani, nikatapika. Watu wakafikiri ni kolera, wakanipeleka kuniwekea maji. Sikuwaambia.

Naiona ile shati kila saa. Nilichagua mwenyewe ile shati! Ningesema nyeupe, ningesema nyeusi, ningesema "weye mutoto maswali mingi". Minye Basile wa kuchekesha watu, ninayejua kuiga kila sauti ya Songo kuanzia pasta mpaka mbuzi wake. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulificha kilio chenyewe.

Usimufiche tena hata neno moja. Mupeleke ku kaburi, asome jina. Muambie ile sauti ilikuwa yangu. Sema ni Baba mudogo Basile, mupumbavu, alitaka kusaidia. Nitukane mbele yake kama inasaidia, unajua kunitukana vizuri.

Na uniambie nifanye nini. Niko mbali, sina hata mukono wa kumushika.

Shemeji yako,
Basile


Songo, tarehe 9 Novemba 2025

Shemeji Basile,

Pole na kutapika. Nilikuwa na hasira sana, lakini minye njo nilikutuma. Tuigawane hii kitu nusu kwa nusu, mumoja peke yake hawezi kuibeba. Mama yenu anakusalimu. Siku hizi anamuangalia mujukuu wake na kufunika mudomo.

Nilimuambia. Mama Annie alikuwa pembeni yetu. Tulienda ku makaburi, Jolie akapitisha kidole ku musalaba, herufi kwa herufi, mpaka akamaliza LIBÉRAT. Akalia. Basile, alilia kama mutoto kabisa, kamasi na yote, mara ya kwanza tangu Februari! Minye nikasema moyoni, aksanti Mungu, imeisha.

Nikamuambia: aliyekuwa anapiga simu ni Baba mudogo Basile. Akakausha machozi. "Iko wapi?" Nikasema iko Burundi. Akaniangalia, akacheka. Si kicheko cha mutoto. Akasema: "Papa iko Kalemie. Nywele ni chawa. Baba mudogo iko Burundi."

Unaelewa? Kwake, tukisema muntu iko mahali fulani, amekufa. Weye hukumupigia hata siku moja na jina lako. Uliondoka wakati mumoja na baba yake, hakukuona tena. Anasema na weye ulikufa ile siku, sisi tunaficha, na huko chini munaitumia simu moja.

Nilijaribu ile simu ya video, unakumbuka, Jumanne ile. Rezo ikakwama, uso wako ukasimama mudomo wazi. Alipiga kelele mpaka watu wakaja. Sijaribu tena.

Mama Annie anasema mutoto si wazimu. Anasema yeye njo alikuwa anaona kweli, sisi tukamuambia haoni. Sasa lazima aone mudomo ambao ile sauti inatokea, ashike mukono aone ni wa moto. Barua haitoshi, minye sitoshi. Kila neno langu analipima kama pesa ya bandia.

Anakunywa uji kama nikianza minye. Usiku namufunga na kitenge ku kiuno changu, akiinuka niinuke. Sijui nitaweza mpaka lini. Kuna asubuhi naamka naogopa kuvuta kile kitenge, naogopa kukuta ni chepesi.

Kuja, shemeji. Nilimuambia utafika kabla ya Noeli. Hii njo ahadi ya mwisho niliyobakiza. Ikivunjika, hakuna neno lingine Jolie ataamini ku mudomo wa muntu mukubwa.

Shemeji yako,
Laure


Kambini, tarehe 1 Desemba 2025

Mama Jolie,

Habari yenu wote. Nakuandikia nimesimama, Mama Niyonkuru anangojea.

Wamenipa ruhusa ya kutoka! Nilienda ku biro ya kambi kila asubuhi mpaka yule wa mulangoni akaanza kuniita mukwe wake. Ninatoka huku Jumatatu tarehe nane. Jumanne kabla ya saa sita niko Kavimvira.

Simama na Shefu pale ku upande wa Kongo, wanapokaa wale wa kubadilisha pesa. Bluu sitavaa tena maisha yangu. Nitavaa shati la njano, la njano kabisa kama embe, hata kipofu ataniona. Na nikiwa bado mbali nitapiga kelele, kwa hii sauti tuliyopewa minye na kaka yangu: "Minye ni Basile! Minye ni Baba mudogo Basile!" Wacha watu waseme ni wazimu. Yeye akimbie, anishike, anifinye, aniume akitaka.

Kadi ya simu ya Libérat nimeitoa. Simu yenyewe ninayo mufukoni, ni ya Jolie, nitamurudishia mukononi. Sitapiga tena. Safari hii mutaniona.

Mwambie Mama apike ile mboga yake ya sombe. Maharage, hapana.

Shemeji yako,
Basile


Songo, tarehe 18 Januari 2026

Shemeji Basile,

Kama uko, nakusalimu. Kama unaumwa, upone. Kama uko mahali wanakuzuia kutoka, Mungu alainishe roho yao. Sisi tuko wazima. Mama yenu ameacha kuuliza.

Tulienda. Ile Jumanne nilimuvalisha ile nguo ya maua, yeye mwenyewe aliiomba. Barabara ilikuwa imejaa watu wanakimbilia mupaka, magodoro ku kichwa, mbuzi, watoto, na mizinga ya vita inalia upande wa uwanda. Wenye akili walikuwa wanatoka Kongo. Sisi wawili tulisimama tunangojea muntu wa kuingia. Wale wa kubadilisha pesa hakukuwa hata mumoja. Jolie alipanda juu ya jiwe, ananishika bega, anaangalia. Njano ilipita, Basile. Shati la njano lilipita mara mbili, mara tatu, kila mara vidole vyake vilinikaza bega, kisha vikalegea. Tulikaa mpaka wakatufukuza, wakasema mupaka unafungwa. Nilikuita. Niliita jina lako mpaka sauti ikaniisha, na yeye alikuwa ananiangalia minye, haangalii njia tena.

Tangu siku ile hakuna rezo, ikirudi namba yako haiko. Mama Niyonkuru sijamuona. Nimeuliza kila muntu aliyevuka. Mumoja anasema wengi walirudishwa Gatumba, upande wa Burundi, mwingine anasema njia ya huko ilipigwa bomu, mwingine anataka tu nimalize kuuliza. Barua hii nampa Gédéon, anapita ku ziwa na mutumbwi, sijui kama atafika. Ukiisoma, usijibu. Kuja tu. Kuja na shati lolote.

Mama Annie alikimbia na wagonjwa wake, kwa hiyo niko peke yangu na hii kitu. Jolie hakojoi tena kitandani. Anakula, anakula hata bila minye kuanza. Anachota maji, anamupaka Bibi mafuta ku miguu. Watu wananiambia nishukuru, mutoto amepona. Minye naogopa. Zamani alikuwa ananipima kila neno. Sasa hapimi tena. Haulizi kitu.

Jana nilikuwa nasonga bugali nikashindwa. Nilikaa chini na mwiko mukononi, nikalia, nikasema basi Basile amekufa, tumemuua na yeye. Jolie akaja. Akanitoa mwiko mukononi, akanifuta uso na kitenge, kile kile tunajifungana nacho usiku. Akaongea na ile sauti ya pole niliyokuwa naongea naye minye, ile ile kabisa, na hata kichwa aliinamisha kama minye.

"Usilie, Mama," akasema. "Baba mudogo hakufa. Alienda Kalemie, kutafuta kazi."

Shemeji yako,
Laure